MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Mazungumzo ya Kamati ya Kitabu katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



 

Awali ya yote tunapenda kuwashukuru wote mliofika. Tunajua safari ya kuja huku siyo ya mchezo. Wengine wenu mmetoka Kibiti tangu alfajiri, mkafika Nyamisati, mkakaa kusubiri maji yajae ndipo boti iondoke. Mtu anayesubiri maji kwa ajili ya sherehe ya akina mama wa hisa, huyo ni ndugu. Karibuni sana.

Sisi tuliosimama hapa mbele ni wajumbe wanne wa Kamati ya Kitabu. Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni yetu wote, na tumeyapitisha kikaoni kama tunavyopitisha mkopo. Habari za hisa, riba na mgao mmekwisha kuzisikia kwa Mama Mweka Hazina, hatuzirudii. Kazi tuliyopewa sisi ni kueleza jinsi kikundi cha kuweka na kukopa kilivyothubutu kuandika kitabu. Na ili tuseme kweli, inabidi tuanze na hofu, maana hiyo tulikuwa nayo nyingi kuliko wino.

Wazo lilivyoanza

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015. Mwaka wa nane tulipokuwa tunagawana, mwenzetu mmoja alisema, "Jamani, hivi tukifa sisi, watoto watajua tulianzaje?" Tukacheka. Mwingine akajibu, "Si tuandike kitabu?" Tukacheka zaidi. Halafu kimya kikaingia, kila mtu akawa anatazama mkeka.

Kimya kile ndicho tunachotaka kukizungumzia. Mwanamke anayeweza kuvuka mlango wa mto kwa mtumbwi wakati wa bamvua, anayelala dunguni peke yake na watoto akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, anayesimama mbele ya wenzake kudai marejesho ya mkopo, mwanamke huyo huyo ukimwambia "andika" anainamisha kichwa. Kwa nini? Tulijiuliza swali hilo kikao kizima. Tukapata majibu manne.

Hofu zetu

Hofu ya kwanza ilikuwa ya usomi. Tulisema kitabu ni cha maprofesa na walimu. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, wengine la nne, na wapo ambao hawakuingia darasani kabisa. Tuliona kwamba mtu akiandika kitabu anajitangaza kuwa anajua, na watu watamwuliza, "Wewe nani?"

Hofu ya pili ilikuwa ya lugha. Huku tunasema Kiswahili, lakini tunachanganya na Kindengereko, na mambo mengine ya shamba na ya mtoni hatuyajui kwa jina jingine. Tuliogopa kuandika vibaya tukachekwa na watoto wetu wenyewe wanaosoma sekondari.

Hofu ya tatu ilikuwa ya siri. Katika miaka kumi kikundi kina mengi. Mwaka wa tatu karibu tuvunjike kwa sababu ya mkopo mmoja. Tukiandika, tutaandika hilo? Tusipoliandika, hicho ni kitabu gani? Tukiliandika, tutaishije na mwenzetu kijiji hiki hiki kimoja?

Hofu ya nne hatukuitaja siku ile. Ilikuja kutajwa baadaye, na kwa sauti ndogo. Ilikuwa hofu ya kuandika majina ya watu kwenye karatasi.

Daftari la namba

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa tunaomba utuvumilie kidogo, maana jambo hili si jepesi.

Wote tuliomo humu tunaikumbuka miaka ya 2015 hadi 2017. Mauaji yalitokea katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, wakauawa raia, wakauawa askari. Mwezi wa Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Watu walikuwa wanaingia ndani kabla jua halijazama. Wengine walihama usiku bila kuaga. Katika wakati ule orodha ya majina ilikuwa kitu cha kutisha. Mtu ukionekana unaandika majina ya watu, unaulizwa ni ya nini, na wewe mwenyewe hujui anayeuliza ni nani.

Basi sisi tulifanyaje? Tulihamisha kikao kutoka jioni kwenda saa tatu asubuhi. Na katibu wetu akaanzisha daftari jipya lisilokuwa na majina. Kila mwanachama alikuwa na namba. Namba 1 kanunua hisa tatu. Namba 9 karejesha. Namba 14 kachangia mfuko wa jamii. Daftari lenyewe lilikuwa linafichwa ndani ya debe la mchele.

Namba zile nani alikuwa anazijua zote? Siyo katibu. Katibu alikuwa anaandika tu zinapotajwa. Aliyekuwa anazijua zote kwa kichwa ni bibi yetu mmoja, mshika ufunguo wa pili. Bibi huyu hakujua kusoma wala kuandika. Kwao ni bondeni, kwenye mashamba ya mafuriko ya mto Rufiji. Alikuwa msichana mwaka 1968 watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu, kisha akaolewa huku delta. Wakati wa kisomo cha watu wazima, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wenzake walikwenda darasani jioni. Yeye alikuwa dunguni. Alikuwa anasema, "Kisomo kilipita mimi nafukuza ndege."

Lakini kumbukumbu yake! Nyote mnaojua vikundi vya hisa mnajua kwamba mwisho wa kikao salio hutangazwa kwa sauti, na wanachama wanatakiwa walikumbuke mpaka kikao kijacho, ili hata asiyesoma aweze kulinda fedha yake. Sisi wengine tunasahau tukifika kisimani. Yeye hakusahau hata mara moja. Ukimwuliza namba 9 ni nani, anakutajia jina, jina la mume, na siku aliyolipa faini.

Hali ilipotulia tukarudi kwenye majina. Daftari la namba tukaliweka sandukuni, hakuna aliyelifikiria tena.

Bibi yetu alifariki miezi michache baada ya lile wazo la kitabu, tukiwa bado tunacheka na kuogopa. Tulimzika. Baada ya arobaini, tukafungua sanduku, tukatoa madaftari yote ili tuone kama kweli tuna la kuandika. Tukafika kwenye lile la namba. Tukaanza kukumbushana: namba 1 ni fulani, namba 2 ni fulani. Tulipofika namba 14 tukakwama. Namba 19 nayo tukakwama. Tunajua kwamba walikuwa wanawake, kwamba waliweka hisa zao kila wiki, kwamba mmoja wao alichangia mfuko wa jamii mara nyingi kuliko sisi wote. Walihama katika zile siku mbaya. Fedha zao walilipwa, tunashukuru, hesabu inaonyesha. Lakini kila mtu alitaja jina tofauti, na wa kutuamulia tumeshamzika.

Wahenga wana msemo ambao tumeutumia kila mara kwenye mafunzo ya kikundi: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tuliuelewa upya. Daftari tulikuwa nalo. Mali haikupotea hata senti. Watu ndio walipotea, kwa sababu habari zao hatukuziandika popote. Na pamoja na hizo namba mbili, bibi aliondoka na mengine ambayo hatukuwahi hata kumwuliza: jinsi walivyolima mlau maji ya mafuriko yalipokuwa yanarudi mtoni, majina ya mbegu za mpunga zilizopandwa bondeni, ile safari ya kuhama yenyewe ilikuwaje kwa msichana.

Tukaona hofu ya kuandika tumeilipia riba.

Waliotutangulia

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza: je, wapo wanawake wengine wa pwani hii waliowahi kuwa na hofu kama yetu wakaandika? Mwalimu mmoja wa shule yetu, na binti mmoja wa kijiji anayesoma chuo Dar es Salaam, walitusaidia kutafuta. Tuliyoyapata tunayaeleza kwa ufupi.

Tulianza na Mwana Kupona. Huyu aliishi Siu, kaskazini ya pwani ya Kenya. Mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumwusia binti yake. Alifariki miaka michache baadaye. Leo utendi huo unasomwa mpaka vyuo vikuu, miaka zaidi ya 160 imepita. Lakini tuangalie alianzaje. Hakusema anaandikia dunia. Alikuwa mama mgonjwa anayemwandikia mtoto wake mmoja, Mwana Hashima, asije akamwacha bila maneno. Hilo lilitutoa hofu nusu. Tukasema, kumbe huna haja ya kuwaandikia maprofesa. Mwandikie binti yako.

Tukaja kwa Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu kwa miguu, na shule hakusoma. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert, yule mwandishi wetu mkubwa wa Tanga. Maana yake nini? Mtu asiyejua kuandika maisha yake yanaweza kuwa kitabu, ilimradi awepo wa kumsikiliza na kuandika. Kalamu inaweza kuazimwa. Maisha hayaazimwi.

Pia tulisikia habari za akina mama watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Walisimulia maisha yao kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Wasomi wawili wanawake, Sarah Mirza na Margaret Strobel, wakayatoa kuwa kitabu, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Hawakuwa malkia wala mawaziri. Walisimulia harusi, ngoma, kazi, majirani, vyama vya wanawake. Yaani mambo ambayo sisi tulikuwa tunasema "haya nayo ya kuandika?"

Wa mwisho ni wetu wenyewe, Bibi Titi Mohamed. Wazee waliopo hapa wanamjua. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma. TANU ilipohitaji wanawake mwaka 1955, yeye aliwafuata kupitia vikundi vyao vya ngoma, vya akina mama waliokwisha zoea kukutana, kuchangiana na kuaminiana. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na alikuwa Mbunge wa Rufiji yetu hii mpaka mwaka 1965. Alipata makubwa na magumu, hata kifungo. Alifariki mwaka 2000.

Miaka ya 1980 alikuja mwalimu wa historia kutoka Marekani, Susan Geiger, akakaa na Bibi Titi na wanawake wengine wa TANU, akawasikiliza wakisimulia. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yale kilitoka mwaka 1997 kwa Kiingereza. Tunamshukuru sana mama yule, maana bila yeye sauti ile ingekuwa imezikwa. Lakini tulipoambiwa habari hii tulitazamana. Mbunge wa Rufiji, msemaji wa kusifika, ambaye akisimama jukwaani watu walikuwa wanajaa! Maneno yake yalisubiri mgeni avuke bahari aje kuyaandika, na yalipotoka mara ya kwanza yalikuwa katika lugha ambayo wanawake wengi wa Rufiji hawaisomi. Sisi tunangoja mgeni gani? Na akija, atajua namba 14 ni nani?

Habari za delta zenyewe zimeandikwa, wala si kidogo. Ile manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika mito yetu mwaka 1914 na kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915, imeandikiwa vitabu vingi huko Ulaya. Msitu wetu wa mikoko, ambao ni mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, umeandikiwa ripoti nyingi. Tunafurahi. Lakini katika yale tuliyoonyeshwa hatukumwona mama anayekata ukili, wala anayekausha kamba, wala anayehesabu hisa. Hakuna aliyetunyima nafasi hiyo. Hatukuandika, basi.

Tulivyofanya kazi

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana vikundi jirani vimetuuliza njia.

Kwanza, tuliacha kusema "kitabu". Neno lile lilikuwa linatutisha. Tukasema "hisa ya maneno". Kila kikao, baada ya kufunga sanduku na kutangaza salio, tunabaki nusu saa. Mama mmoja anasimulia jambo moja tu. Leo jinsi alivyopata mkopo wa kwanza na alivyoutumia kununua ufuta. Wiki ijayo mwingine, safari ya kujifungua maji yakiwa yamekupwa na mtumbwi hauendi. Hakuna anayeombwa kueleza maisha yake yote. Kama vile hakuna aliyewahi kuja hapa siku ya kwanza na fedha za bati zote mkononi. Alikuja na hisa moja.

Pili, binti mmoja alirekodi kwa simu, na wawili kati yetu tuliandika kwenye daftari. Tuliandika mtu anavyosema. Kama amesema neno la Kindengereko tuliliacha, tukaeleza maana yake mbele kwa Kiswahili cha kawaida. Hofu ya lugha iliishia hapo. Kumbe watoto wa sekondari ndio waliokuwa wanakuja kutuuliza maneno!

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila kilichoandikwa kilisomwa kwa sauti kikao kilichofuata mbele ya mwenyewe. Akisema "hapo sivyo", tunafuta. Wale wasiojua kusoma ndio walikuwa wakaguzi wetu wakali kuliko wote. Wamezoea kushika salio kwa kichwa. Ukiongeza neno ambalo hawakulisema wanalisikia papo hapo. Mama mmoja alitusimamisha mara tatu kwa sababu ya ndoo. Alisema ilikuwa ya bluu, sisi tumeandika ndoo tu.

Nne, mwalimu alitupangia sura, mwenzetu mmoja aliyehamia Kibiti akatusaidia kuchapa kwenye kompyuta. Tulilipa kutokana na mfuko tuliouchangia wenyewe, kila mmoja kidogo kidogo, kwa mwaka mmoja na nusu. Hatukukopa wala hatukuomba mfadhili kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, si ndiyo?

Katikati ya kazi yakaja mafuriko ya Aprili 2024. Mnayakumbuka, Rufiji na Kibiti nzima ilikuwa inalia, mashamba yamelala, nyumba zimeanguka. Usiku ule washika funguo walikimbia na sanduku kama katiba inavyosema. Lakini katibu alirudi mara ya pili ndani ya maji, akatoka na mfuko wa nailoni kichwani. Tulidhani ni nguo za mtoto. Yalikuwa madaftari ya hisa ya maneno. Mumewe alimgombeza sana, na alikuwa na haki. Sisi hatumshauri mtu arudi kwenye maji. Tunachosema ni kwamba mwanamke yule yule miaka miwili nyuma alikuwa amesema, "Mimi na kitabu wapi na wapi."

Suala la mkopo

Tulisema mwaka wa tatu karibu tuvunjike. Nyote mnalijua jambo lenyewe, na mnajua kwamba lilikwisha. Kamati ilikaa vikao vinne juu yake. Wengine walisema tuliache, wengine walisema kitabu kisiwe cha kujipaka mafuta. Hatukuafikiana.

Mwishoni mwenyewe ndiye aliyetuamulia. Zamu yake ya hisa ya maneno ilipofika, tulidhani atasimulia habari za biashara yake ya samaki. Akasema, "Nitasimulia mwaka wa tatu." Akasimulia yote: fedha aliikopa kwa ajili ya biashara, ikaenda hospitali, aliona aibu kusema, akaacha kuja kikaoni, wenzake wakaja mlangoni kwake wakampigia kelele mbele ya wakwe. Akaeleza pia nani alikuja baadaye usiku, peke yake, na debe la unga. Tulilia, na wale waliopiga kelele walilia zaidi. Sisi tunaosoma hapa tulikuwemo miongoni mwa waliopiga kelele.

Habari hiyo imo kitabuni, kwa maneno yake, bila jina lake. Ndivyo alivyotaka. Tukajifunza kanuni ambayo sasa imeingia katika katiba yetu: jambo la mtu huandikwa na mwenyewe au kwa idhini yake, na akitaka jina lifichwe hufichwa.

Yapo pia tuliyokubaliana kuyaacha. Mambo ya unyago hayamo. Makungwi walisema ya ndani yabaki ndani, tukasema sawa. Kuondoa hofu si kusema kila kitu. Ni kwamba unaloacha, uliache kwa kuamua, wala si kwa kuogopa.

Tulipofikia na maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, kitabu kipo mezani pale. Ni chembamba. Kimechapwa na kubanwa Kibiti, nakala ni chache, na jalada lake ni karatasi ngumu tu. Makosa ya chapa yamo. Hatuoni aibu. Hofu haijatoka yote. Hata sasa magoti yanatetemeka, mnaona. Lakini tumegundua kwamba hofu haikuisha kwanza ndipo tukaandika. Tuliandika tukiwa nayo, kila wiki nusu saa, ikawa inapungua kama deni.

Tunayo maombi manne.

Kwanza, kwa wageni wetu wenye uwezo: tunataka kukichapa vizuri, kipate namba ya kitabu kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala ziwekwe katika shule zetu za delta na za Kibiti. Kisomwe na watoto wetu kabla hakijasomwa na mtu mwingine.

Pili, kwa vikundi jirani: anzeni na nyinyi. Daftari moja la shilingi chache linatosha. Tupo tayari kuja kuwaonyesha, mtupe nauli ya boti na chakula cha mchana.

Tatu, kwa wazee wetu, hasa akina bibi: tunawaomba msituambie tena "mimi sina la kusema". Tulimwacha bibi yetu aondoke nalo. Tutakuja majumbani kwenu na simu na daftari. Tutakaa chini. Mkichoka mtatufukuza, tutarudi kesho.

Nne ni ombi dogo lakini ndilo lililo moyoni. Mkifungua ukurasa wa mwisho wa kitabu mtakuta orodha ya wanachama wote tangu mwaka 2015. Mbele ya namba 14 na namba 19 tumeacha mstari mtupu. Tulishauriwa tuzitoe namba hizo ili orodha ipendeze. Tukakataa. Wanawake wale walikuja kikaoni katika siku ambazo kutoka nje ya nyumba kulihitaji moyo, wakaweka hisa zao, sanduku hili likasimama. Kama yupo hapa anayewajua, au wao wenyewe wapo huko walikohamia na habari hizi zitawafikia, tafadhali aje amwone katibu baada ya sherehe. Kalamu anayo. Mstari unawasubiri.

 Chakula kipo tayari, wali wa shamba letu na kamba wa delta. Karibuni.